Siku Niliyoandika Kwamba Sina Mtoto

Kabula,

Umeondoka asubuhi kwenda Kishapu kumuaga babu yako, Guku, na najua jioni utarudi umebebeshwa karanga, michembe ya viazi na kuku mmoja aliyefungwa miguu. Huyo kuku atabaki na mimi, maana kesho hutapanda naye basi la Geita kwenda kazini Nyarugusu. Basi nina mchana mzima wa kukuandikia. Nimetandika kitambaa mezani kama nasahihisha mitihani na nimefunga mlango. Jirani akibisha hodi nitasema naumwa kichwa.

Sitakuandikia habari za kunywa maji mengi, kuvaa sweta mwezi wa saba na kumeza dawa zako kila siku. Hayo umeyasikia tangu hujaota meno ya pili, na ukiambiwa tena unageuza macho juu ukidhani sikuoni. Nakuandikia kwa sababu ya ile fomu ya kazi.

Jana uliiacha mezani, nikaisoma. Usiniambie si vizuri kusoma karatasi za mtu, mimi ni mwalimu, nasoma hata karatasi iliyofungiwa maandazi. Penye swali la kama una ugonjwa wa kudumu au ulemavu wowote umeandika "Hapana", kwa ule mwandiko wako mzuri. Chini yake, sehemu ya bima ya afya, hukujaza kitu. Umepiga mstari wa mshazari toka kona hadi kona.

"Mama, hii nafasi waliiomba watu wengi," ulisema nilipokuuliza. "Wakisoma nina selimundu wataona wameajiri mgonjwa."

"Na bima?"

"Bima yao inapitia ofisini. Siku nikienda kuongezewa damu, mhasibu anajua. Mhasibu akijua, Nyarugusu nzima imejua."

"Sasa utatibiwa na nini?"

"Si nina kadi yako?"

Kadi yangu, mwanangu, mwezi ujao inakuachia. Mtoto wa mtumishi anabebwa hadi miaka kumi na minane, akiwa bado anasoma anasogezewa hadi ishirini na mmoja. Wewe chuo umemaliza, na hiyo ishirini na mmoja unaitimiza wiki chache tu baada ya kuripoti kazini. Nilipokuambia nilikuona usoni kwamba hukuwa umeliwaza. Ukasema utajinunulia dawa mwenyewe. Nikapandisha sauti, nawe ukapandisha yako, ukaingia chumbani kupanga begi. Leo sauti imeshuka, na nataka kukusimulia jambo ambalo unalijua vipande vipande, kwa sababu kila ulipouliza nilikupa kile kipande kinachonipendeza mimi.

Nilikupata nikiwa na miaka kumi na tisa, nasubiri majibu ya chuo cha ualimu. Baba yako alikuwa mchimbaji wa dhahabu huko huko Nyarugusu unakokwenda. Alikuja mnadani Mhunze kutafuta fahali, akanipata mimi. Alikuwa na maneno mazuri na masikio makubwa. Maneno aliondoka nayo, masikio alikuachia wewe. Alimwahidi baba yangu ng'ombe wa mahari, akasema anarudi mara moja machimboni kumalizia shimo lake lililokuwa karibu kutoa. Nadhani hadi leo linakaribia kutoa.

Kwetu, mtoto ambaye ng'ombe wake hawajafika ni wa baba wa binti. Hilo halikumshangaza mtu pale nyumbani. Guku alichukua karatasi ya kliniki uliyopewa ulipozaliwa, akaenda kwa msajili, akarudi na cheti: baba ni Masanja, yaani yeye, na mama ni bibi yako marehemu. Hakuona kama amesema uongo. Aliandika mambo yalivyokuwa kwenye boma lake.

Nimezoea kukuambia "Guku ndiye aliyekuandikisha", kana kwamba mimi nilikuwa nimefungwa kamba siku hiyo. Sikufungwa. Nilifurahi, Kabula. Nilikwenda chuoni mwepesi kama wasichana wengine. Maziwa yalipojaa niliyakamua bafuni, na wenzangu bwenini nikawaambia nina jipu. Likizo nilirudi nikakukuta unakaa, likizo nyingine unatembea, na Bibi akakufundisha kuniita Dada Minza. Niliitika.

Nilipoajiriwa nilipangiwa shule ya msingi huko Ushetu, katikati ya mashamba ya tumbaku. Halmashauri walinipa fomu za ajira, na mojawapo ilikuwa ya bima, inauliza majina ya watoto. Niliogopa. Nilikuwa sijaolewa, kazi ndiyo kwanza nimeipata, na nilimfikiria mwalimu mkuu akijua, na wazazi wa shule nzima wakijua. Nikaandika "Hakuna". Mama aliyekuwa anapokea fomu alikuwa mtu mzima, miwani ameifunga shingoni kwa kamba ya kiatu. Aliisoma, akanitazama.

"Hakuna, au hawajaja?"

"Hawajaja," nikasema, nikacheka.

Nilitoka nje nikanunua soda, nikainywa yote nimesimama. Nilijiona mjanja sana siku ile. Nilijiambia ni jambo dogo, nitalirekebisha nikishakaa vizuri kazini.

Wewe ulikuwa Kishapu unaumwa. Vidole vinavimba, macho yanakuwa ya njano, unalia usiku na mchana na hakuna anayejua unalia nini. Bibi alikupeleka ukachanjwa chale, ndizo zile alama ndogo kifuani unazozificha na shingo ya gauni. Usimlaumu. Alikuwa anahangaika wakati mimi nafundisha watoto wa watu. Na zahanati alikupeleka pia, tena mara nyingi. Hawakumdai chochote, kwa sababu mtoto wa chini ya miaka mitano anatibiwa bure. Ulikuwa unatibiwa kwa sababu ya udogo wako, na mimi sikujua hata kwamba udogo huo una tarehe ya mwisho.

Ulipotimiza mitano Bibi akafariki. Nikakuchukua uje kuishi nami Ushetu uanze shule. Pale kijijini nilikutambulisha kama mdogo wangu wa mwisho. Ulikuja na masanduku mawili, moja la nguo na jingine la karanga, na miezi ya baridi haikuisha kabla mifupa haijakushika. Nilikukimbiza hospitali ya wilaya mgongoni, ingawa miguu yako ilikuwa imeshafika magotini kwangu. Huko ndiko walikokupima wakasema ni selimundu, ugonjwa ambao mtoto huupata kwa wazazi wote wawili. Mimi na yule bwana wa masikio tulikuwa tumekupa damu ile pasipo kujua, na hakuna hata mmoja wetu aliyekuwa amekupa jina.

"Kadi ya mtoto?" akauliza binti wa dirishani.

"Mimi ni mtumishi. Hii hapa yangu."

"Wewe ni nani wake?"

"Dada yake."

"Dada hawezi kumweka mdogo wake, mwalimu. Bima inachukua mwenza wako, watoto wako, na wazazi. Wazazi wake wako wapi?"

Nilikitazama cheti chako mkononi. Wazazi wako walikuwa wazazi wangu.

Nilijaribu mlango mwingine. Nilikwenda kwa afisa ustawi wa jamii, maana nilisikia kuna msamaha wa matibabu kwa wazee, kwa walemavu na kwa familia zisizojiweza. Alikuwa kijana mwenye subira. Aliuliza umri wa baba wa mtoto, nikasema umepita sitini, akaanza kuandika vizuri tu. Akauliza kama ana mali. Nikasema ana ng'ombe. Akauliza wangapi. Nikamjibu kama ningemjibu mtu wa nyumbani, kwamba ng'ombe wa baba yangu kwa wingi wao hawajawahi kuhesabiwa. Akaiweka kalamu chini.

Sasa sikiliza nilichofanya, maana hiki ndicho hasa kilichonifanya nikuandikie. Mwalimu mwenzangu mmoja alikuwa na binti wa umri wako aitwaye Neema. Aliponiona nahangaika alinipa kadi ya mwanawe kwa moyo mweupe kabisa. Picha ilikuwa ya mtoto aliyenyolewa kipara, angeweza kuwa mtoto yeyote wa wilaya ile. Ulipougua tena nilikupakia kwenye pikipiki, na njia nzima nikawa nakufundisha sikioni. Leo unaitwa Neema. Ukiulizwa, Neema. Ukawa unaitikia kwa kichwa.

Tulikaa kwenye benchi. Muuguzi akatoka akaita, "Neema." Nikakunyanyua.

"Mimi siyo Neema," ukasema, kwa sauti iliyosikika benchi zima. "Neema yuko shule. Mimi Kabula wa Masanja."

Watu walicheka sana. Muuguzi hakucheka. Alinivuta pembeni na faili mkononi, na hakunikaripia, afadhali angenikaripia.

"Mwalimu, huyu Neema hana selimundu. Imeandikwa humu. Daktari akisoma hivi atatafuta malaria. Ungempoteza mtoto kwa sababu ya jina la mwenzake."

Alinirudishia kadi, akakufungulia faili lako mwenyewe, na nililipia siku ile kama mtu yeyote asiye na bima. Ulikuwa na miaka sita, unaumwa mwili mzima, na bado ulikuwa na akili kuliko mimi. Ulikataa kutibiwa kama mtu mwingine.

Nilikwenda Kishapu Jumamosi iliyofuata. Guku alikuwa anarekebisha nira ya ng'ombe wa jembe. Nikamwambia nataka aende mahakamani akaape kwamba Kabula si mwanawe.

"Nani ameleta ng'ombe?" akauliza bila kuinua macho.

"Hakuna aliyeleta, baba."

"Basi ni wangu."

Alininyamazia miezi miwili, hata simu hapokei. Unamjua alivyo. Mara ya tatu nilikwenda na wewe, umetoka wodini, umekonda hadi gauni linazunguka. Nikampa rai ambayo sidhani kama kuna binti mwingine Kishapu aliyewahi kumpa baba yake. Nikasema nitaleta ng'ombe mimi mwenyewe, nimkomboe mwanangu kwa mshahara wangu, wanaotaka kucheka wacheke. Nilidhani atalainika. Alikasirika zaidi.

"Ng'wanone," akasema. Mwanangu. Hakuwa ameniita hivyo tangu nilipopata mimba yako. "Ng'ombe siwataki. Miaka sita mtoto huyu anakuita dada hapa kwangu, na wewe unaitika. Nilimwandika mimi kwa sababu hakuna mtu mwingine aliyesema ni wake. Wewe umesema?"

"Sijasema."

"Sema basi. Mwite, nisikie."

Ulikuja na karanga mkononi. Mimi ninayenyamazisha darasa la watoto themanini kwa kukohoa tu, nilianza sentensi mara mbili nikaiacha. Guku akangoja. Mwishowe nikakuambia, "Kabula, mimi ndiye mama yako." Ukanitazama, ukamtazama yeye.

"Dada anadanganya," ukasema, ukaendelea kutafuna.

"Hadanganyi," Guku akakujibu. "Alikuwa anadanganya."

Wiki ile ile alivaa koti lake la kanisani akaenda mahakama ya mwanzo, akala kiapo mbele ya hakimu kwamba wewe ni mjukuu wake, na akatoka nje bila kusema na mtu. Nilijua nimemchukulia kitu. Ndiyo maana baadaye nilimweka na yeye kwenye bima yangu, kama mzazi, na ndiyo maana akienda zahanati anaionyesha ile kadi hata kwa watu wasiomuuliza.

Baada ya cheti kipya kutoka nilirudi kwa yule mama wa halmashauri. Nilikuwa nimejiandaa kufukuzwa kazi. Niliweka cheti mezani, nikamwambia kwamba ile fomu niliyojaza nilidanganya. Alivaa miwani akasoma jina lako na jina langu chini yake.

"Mwalimu," akasema, "kila wiki nawafukuza hapa watu wanaoongeza watoto wasio wao. Wewe ndiye wa kwanza kuja kuniambia ulimpunguza wako."

Akanipa fomu nyingine. Hakuna aliyenifukuza. Mwalimu mkuu alipojua aliniuliza tu kama unahitaji kukaa mbali na dirisha wakati wa baridi. Miaka yote ile nilikuwa naogopa watu ambao hawakuwa na habari na mimi. Nawe uliendelea kuniita dada hadi darasa la pili, na sikukurekebisha, nilistahili. Siku uliyoniita mama kwa mara ya kwanza hukuwa na maana yoyote kubwa, ulikuwa bafuni unataka nikuletee taulo. Nilikuletea, nikaenda kulia jikoni.

Sasa wewe. Sina wasiwasi na wewe, na ninasema hivyo nikiwa nimekaa nimetulia. Mtoto aliyefanya mitihani ya chuo plasta ya dripu bado iko mkononi, akarudi na cheti cha ugavi chenye alama nilizomwonyesha hadi muuza mkaa, hashindwi na stoo ya kiwanda cha kuchenjua marudio, yaani kutoa dhahabu kwenye mchanga ulioachwa na wachimbaji. Utawapangia vipuri na madawa yao hadi wajiulize walikuwa wanaishije kabla yako. Hilo nina uhakika nalo. Ninachokihofia ni siku moja tu, siku ambayo mifupa itakushika huko na waliokuzunguka watakukimbiza hospitali bila kujua una nini, wamwambie daktari kwamba huyu hana ugonjwa wowote, ameandika mwenyewe.

Ijumaa, kabla sijaiona fomu yako, niliomba ruhusa shuleni nikaenda kliniki yako. Wameniandikia muhtasari wa faili lako lote, kundi la damu, dawa, na mara zote ulizoongezewa. Uko kwenye bahasha ya kaki, nimeuweka juu kabisa ndani ya begi. Kisha nikapita ofisi ya bima. Wamesema mwajiri anatakiwa akuingize, na ugonjwa uliokuwa nao kabla hauwazuii kukupokea. Nikawauliza na lile baya, kwamba ukiachwa kazi itakuwaje. Wakasema unaweza kujiunga mwenyewe, kwa jina lako, bila kupitia kwangu wala kwa mwajiri. Ilinichoma kidogo kusikia "bila kupitia kwako", lakini nilifurahi.

Fomu yako sikuigusa. Ningeweza, mwandiko wako naujua kuliko wangu. Lakini walikutumia nakala mbili, na ile nyingine safi nimeiweka juu ya ile uliyojaza. Utaamua mwenyewe ipi unaikabidhi. Sitapiga simu kwa bosi wako wala sitamtuma mtu akuchunguze. Nimeshawahi kukujazia mambo yako kwenye karatasi, na unaona yalivyokwenda.

Na kama huko Nyarugusu utakutana na mzee mwenye masikio yako, mwamkie shikamoo. Ukitaka kumwambia wewe ni nani, mwambie. Ukitaka kupita, pita. Sina kinyongo naye tena, na wewe humhitaji kwa cheti chochote.

Inawezekana wakiisoma fomu ya kweli wakakuacha. Sitakudanganya kwamba haiwezekani, wapo watu wa namna hiyo. Wakikuacha, panda basi urudi, chumba chako ni kile kile, tutatafuta kazi nyingine na nitakuwa nimekosea ushauri wangu wote na utanicheka. Hilo nitaliweza. Mimi na wewe tumeshaweza makubwa kuliko hilo.

Lakini kumbuka, mwanangu, mtu wa kwanza kukuficha kwenye fomu ili asikose kazi alikuwa mama yako. Nakuomba usiwe wa pili.

Mama yako,
Minza